Bi Asya Ameelekezwa Unguja

Dada yangu, Bi Asya wa Msuka, Pemba, hakuwa na ugomvi na mauti. Yenye ugomvi nayo ilikuwa mashine ya hospitali.

"Mapafu yamekwisha," Daktari Haitham alituambia, mimi na Nusaiba, binti wa pekee wa dada. "Mashine haimtibu. Inamsukumia pumzi tu."

"Basi iondoe," Nusaiba akasema.

"Siwezi. Sheria haisemi kama naruhusiwa. Nikiiondoa, kesho mtu atasema nimeua."

"Na ukiiacha?"

"Hakuna atakayesema kitu."

Naikumbuka sheria ya magendo ya karafuu. Baba yetu alikamatwa na gunia lake pwani, na siku ile sheria ilikuwa na maneno chungu nzima. Kwa roho ya dada yangu ikawa bubu.

Tulimleta Shehe Abrahman. Akaeleza kuwa tiba isiyofaa si dhambi kuiacha. Daktari alimshukuru sana, akasema fatwa haimtetei mtu mahakamani.

"Angalau tumgeuze kibla," Nusaiba akasema.

Ndipo tukaona. Kichwa cha kitanda kiliegemea ukuta wa machweo, ilipofungwa mashine. Anayekata roho hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, na kibla chetu sisi ni kaskazini. Pale, ukimlaza ubavu wa kulia, uso unatazama kusini.

"Anaelekea Unguja," nikasema. "Maisha yetu yote tunaelekezwa Unguja kwa kila shida. Hata kufa?"

"Mlazeni ubavu wa kushoto," daktari akashauri.

"Mama si samaki wa ng'onda, Daktari, wa kuanikwa upande wowote," Nusaiba akamjibu. "Geuza kitanda."

"Kikigeuzwa, mpira wa mashine haufiki."

"Lete mrefu."

"Hatuna mrefu."

Daktari aliutazama ule mpira, kisha akatutazama sisi.

"Mie nakwenda kuswali adhuhuri," akasema polepole. "Mtakachofanya sitakiona."

Nusaiba akashika ukingo wa kitanda. Nikaenda kusimama mlangoni.

"Hutoki," nikamwambia daktari. "Wewe ndiye uliyesema mashine haifai. Sasa mwanawe ndiye amkatie mamaake pumzi kwa mkono wake, kisha ajiulize mpaka anaingia kaburini? Adhuhuri ina wakati mrefu. Isubirishe."

"Mzee Mmanga, nina watoto."

"Na huyu ni mtoto wa mtu."

Mwisho daktari akaenda ukutani, akaizima mashine, akauchomoa mpira mwenyewe.

"Shikeni miguuni," akasema.

Tukakigeuza kitanda. Nusaiba akamlaza mamaake ubavu wa kulia, akamsomea shahada sikioni. Bi Asya akavuta pumzi zake mwenyewe, chache, bila haraka, kama mtu anayemalizia chai. Kisha basi.

Daktari alikuwa bado kaushika mpira.

"Mtanishitaki?" akauliza.

"Nakwenda kutafuta sanda," Nusaiba akasema. "Nipishe."