Matuta ya Afande Victor

Siku waliyokuja kumtoa Mama Timoth nyumbani kwake, mlango aliung'oa mwenyewe. Clemens ndiye aliyetangulia na nondo mkononi, kama alivyoagizwa. Yule mama akamtazama yeye, akaitazama nondo, akasema, "Mtaupasua bure. Huo mlango wa mninga, marehemu aliubeba toka Sumbawanga kwa baiskeli." Akaingia ndani, akatoka na bisibisi, akafungua bawaba moja baada ya nyingine, akauegemeza mlango kwenye mti wa mparachichi. Kisha akasogea pembeni. "Haya, endeleeni na kazi yenu."

Clemens alitoa vyombo vya watu siku ile akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mgambo mwaka wa tatu, ana mke na watoto wawili, na alikulia nyumba ya tatu kutoka pale. Sufuria alizokuwa anazitupa nje alishawahi kulia ugali ndani yake.

Aliyewatuma ni Afande Victor, mkuu wa kituo kidogo cha polisi cha pale kijijini, kwenye barabara ya Matai. Tangu lami ipite, ardhi ya pembeni mwa barabara ilipanda bei, na watu wenye macho makali wakaanza kuikodolea. Afande akaibuka na karatasi ya mauziano. Eti Mzee Lazaro, mume wa Mama Timoth, alimwuzia ekari tatu miaka minane iliyopita, na chini kuna alama ya dole gumba. Mzee Lazaro huyo alikuwa katibu wa kwaya miaka kumi na tisa, daftari zake zipo mpaka leo parokiani, mwandiko umenyooka kuliko wa mwalimu. Afande alipoulizwa akasema mzee alikuwa mgonjwa, mkono hauna nguvu. Wafu hawana pa kulalamika, na afande alilijua hilo.

"Karatasi ya mahakama ya kunitoa iko wapi?" Mama Timoth aliuliza siku ile.

"Mahakama ndiyo mimi hapa," akajibu afande, na kwa swali hilo moja akamweka mahabusu siku mbili kwa kosa la kumzuia askari kufanya kazi yake. Wakati wa kumtoa akamwambia, "Ukikanyaga lile shamba, hata kidole, unarudi humu."

Mwingine angelia. Mwingine angepiga kelele barabara nzima mpaka akamatwe tena, na afande alikuwa anasubiri hicho hicho. Mama Timoth alihamia kwa dada yake ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi alivuka, akasimama ukingoni mwa lami, vidole vya miguu vikiishia pale majani ya shamba lake yanapoanza. Anaangalia maharage yake, anahesabu maua kwa mbali, anarudi. Clemens, aliyewekwa kulinda, aliomba moyoni akosee hatua moja tu ili yaishe. Hakukosea. Alimsalimia kila siku, "Shikamoo mama," naye akamwitikia kila siku, "Marahaba, mwanangu, watoto hawajambo?" Kuitikiwa vile kulimchoma kuliko matusi.

Katikati ya hayo mama akawa anapanda basi kwenda Sumbawanga, kwenye baraza la ardhi. Alifungua shauri, akaambiwa arudi kesho, akarudi. Akaambiwa faili halionekani, akakaa kwenye benchi mpaka likaonekana. Mwanawe Timoth, anayevua Kipili, alimpigia simu akamwambia, mama achana nao, njoo ukae ziwani. Akamjibu kwamba dagaa anawapenda lakini hajui kuwalima.

Barazani alieleza shamba lake kama mtu anavyomweleza mtoto wake. Kwa asiyejua kilimo cha Ufipa, sisi hatukwaruzi juu juu. Mwezi wa pili, ardhi ikiwa imeshiba mvua, unakata majani na mizizi yake, unayapanga duara, unayafunika kwa udongo mpaka liwe tuta la mviringo linalokufika magotini. Majani yanaoza humo ndani, juu unapanda maharage. Mwaka unaofuata unayatawanya, unasia ulezi. Mama Timoth alisema matuta yake mwaka huu ni mia nne na kumi, na maharage yameshaanza kushika maganda.

Afande Victor akala kiapo, akasema hakuna maharage. Alisema mama yule alikuwa na kibanda tu pembeni, shamba hajawahi kuligusa, na msimu huu lote lilikuwa majani matupu, yeye ndiyo kwanza anaanza kuliandaa.

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, akafunga faili. "Alhamisi tutakuja kuangalia kwa macho," akasema.

Sasa hapo ndipo uongo ulipoanza kumpa afande kazi ya jembe. Jumanne mchana aliwaita Clemens na wenzake wawili. "Yale maharage yafukieni. Pigeni matuta mapya juu yake, ionekane shamba jipya."

"Afande, yameshika maganda," Clemens akasema.

"Nimekuuliza?"

Kwa Mfipa, kufukia chakula kibichi ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Clemens alilifanya. Alivunja tuta moja baada ya jingine, akayalaza maharage mabichi na maganda yake, akarundika udongo juu. Alisikia maganda yakikatika chini ya buti. Pale mwisho, karibu na mtaro, maharage hayakuwa yameota vizuri, hivyo matuta kama sita yakawa udongo mtupu. Jioni akanawa, akakaa mezani, mkewe akamwekea chakula, akashindwa kula.

Alhamisi gari la baraza likafika. Kijiji kizima kilijaa barabarani. Mama Timoth alisimama pale pale pake pa kila siku. Afande akamwonyesha mwenyekiti shamba kwa mkono mzima, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni. "Kama nilivyosema, mheshimiwa. Maharage yako wapi?"

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Mama, mimi naona udongo tu."

"Mheshimiwa, naomba tuta moja lifunguliwe."

"Haruhusiwi kugusa," afande akadakia.

"Sitagusa," Mama Timoth akasema. "Nimekatazwa kukanyaga, na sijakanyaga, kijiji hiki ni shahidi. Askari wake mwenyewe afungue. Lolote analotaka."

Mwenyekiti akaangaza, macho yakamwangukia mgambo aliyekuwa karibu. "Wewe. Chukua jembe."

Clemens akachukua jembe. Afande alielekeza kidevu tu, upande wa mtaroni, kwenye yale matuta sita. Clemens alimwelewa vizuri kabisa. Akaanza kutembea kuelekea huko. Alifikiria kodi ya nyumba, akafikiria watoto, akamfikiria afande atakavyomfanya usiku wa kwanza tu akimkuta njiani. Laiti yule mama angemwita jina, laiti angemlaani, ingekuwa rahisi kufika mtaroni. Alinyamaza tu, akamwachia.

Katikati ya shamba Clemens akasimama. Hapo ndipo maharage yalikuwa mengi kuliko kote. Akainua jembe, akalifungua tuta.

Harufu ilitoka kwanza. Kisha majani meusi, mashina, na maganda, mengine yakiwa bado kijani, punje zimejaa ndani. Akafungua la pili. Akafungua la tatu bila kuambiwa. Mwenyekiti akachuchumaa, akavuta shina zima, akalipangusa udongo, akalinyanyua watu wote walione. Mabibi waliokuwa barabarani wakaguna kama wameona maiti.

"Nani aliyafukia?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi," Clemens akasema. "Na wenzangu wawili. Jumanne, saa nane mchana. Kwa amri ya Afande Victor. Na mwaka jana hapa palikuwa na mahindi ya huyu mama, na mwaka juzi ulezi. Mimi nimekula vyote."

Afande akaanza kuongea juu ya utovu wa nidhamu. Mwenyekiti akamkatiza kwa kiganja. Kisha akamwuliza Mama Timoth kama alikuwa anajua.

"Nilijua tangu Jumanne jioni. Huyu anatumia mkono wa kushoto, tuta lake linafungia upande wa kulia. Nilimfundisha mwenyewe, humu humu shambani."

"Mbona hukumtaja?"

"Ningemtaja angekana, mheshimiwa. Ana watoto, na afande huyu ndiye mkubwa wake. Mtu ukimsukuma ukutani atasema uongo hata kama hapendi. Nikaona nimpe nafasi."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Mama, kwa niliyoyaona, ingia tu shambani kwako."

Mama Timoth hakusogea. "Nashukuru sana, mheshimiwa. Lakini mimi nilitolewa kwa mdomo. Nitarudi kwa karatasi."

Na kweli alisubiri. Wiki tatu nzima, ukingoni mwa lami, wakati hapakuwa tena na mtu wa kumzuia. Afande Victor alishahamishwa. Wadogo hufukuzwa, wakubwa huhamishwa, na huko alikokwenda Mungu awaangalie wenye mashamba barabarani. Clemens yeye aliambiwa arudishe buti. Alizirudisha, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akala chakula cha jioni chote.

Hukumu ilipotoka, Mama Timoth alishuka kwenye basi nayo mkononi. Akasimama pale pake, akaisoma yote kwa sauti, kuanzia namba ya shauri hadi muhuri, watu wakisikiliza. Clemens alikuwa hapo tangu asubuhi na jembe begani. Hakuthubutu kutangulia kuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maharage ya mwaka huu umenilia, Clemens. Nitakwenda kukopa kwa ajili yako."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nilishasamehe. Bado kulima. Anza kule mtaroni."

Akaanza kule mtaroni. Hakupumzika mpaka jua likawa utosini. Alipogeuka kufuta jasho, Mama Timoth alikuwa amevua kandambili, anatembea peku katikati ya shamba, anakwenda mpaka mwisho, anageuka, anarudi kwa njia nyingine, hataki kuacha mahali hata pamoja ambapo hajakanyaga.