Koleo Juu ya Boneti

Kwetu Sandy Fork, mtu anayesema kweli kuhusu gari lake huonwa kama mtu aliyetoka nje bila suruali. Watu wawili wakiamua kumalizana kwenye barabara ya mashindano, hata ubao wa muda huzimwa, ili pasiwe na shahidi wa nani ana mbio kiasi gani. Utaona tu nani katangulia. Mengine yote, ukubwa wa injini, kiasi cha gesi, presha ya petroli, ni siri ya mtu na Mungu wake, na wengine hata Mungu wanampunguzia.

Kaka yangu Lonzo alizaliwa kwa maisha haya. Alianza kudanganya kabla hajaota meno, na sasa meno yanang'oka lakini uongo umebaki. Ukimuuliza amekunywa nini asubuhi atasema kahawa, kumbe chai. Si kwa ubaya. Anaona tu kwamba ukweli ni kitu cha akiba, hakitumiwi ovyo.

Mwaka jana kwenye mkutano wa ukoo, binamu yetu Hosea, mtoto wa mama mdogo, alisema mbele ya watu wote, mdomo umejaa nyama, kwamba mbavu anazochoma Lonzo zimeanza kuzeeka kama mwenyewe. Meza nzima ikanyamaza. Lonzo ndiye mshika koleo la kugeuzia nyama kwenye jiko la baba. Jiko lile baba alilikata kutoka kwenye tangi la mafuta, akaliunga kwa mkono wake, na anayeshika koleo lake ndiye anayefuatwa na ukoo mzima na sahani mkononi. Mke wa Lonzo alishaondoka, watoto wake wako Detroit na huja siku hiyo tu. Ni siku moja katika mwaka ambayo kila mtu humwuliza Lonzo kitu na kungoja jibu lake. Hosea alijua hivyo. Sote tulijua.

"Basi tukutane barabarani," Lonzo akasema. "Jumamosi ya kabla ya mkutano ujao. Atakayeshinda achukue koleo na jiko."

"Chukua na aproni kabisa," Hosea akajibu, "maana hutaihitaji."

Dau kwetu hukabidhiwa kwa kuwekwa juu ya boneti ya mshindi. Na ukiliweka kabla ya mbio, umekubali kushindwa, yameisha. Kilichowekwa juu ya boneti hakirudi, hata mkilia wote wawili.

Mwaka mzima Lonzo akazama gereji. Gari lake ni Chevrolet ya buluu tunayoiita Dada Esta, kwa sababu kila tunapoiwasha inaanza kwa kulalamika kama shemasi wetu wa zamani wa jina hilo. Safari hii aliiongezea chupa ya pili ya gesi. Gesi ile huipa injini pumzi ya ziada, na pumzi ya ziada hudai petroli ya ziada. Ni mgeni mwenye njaa: ukimkaribisha na sufuria haina kitu, atakula viti. Petroli ikipungua wakati gesi inaingia, pistoni huyeyuka kama siagi, na ukiwa na bahati mbaya moto unakufuata mpaka kwenye kiti. Ndiyo maana Lonzo akaweka tangi dogo la pekee kwa mbele, la petroli ya mashindano, lenye pampu yake, bomba lake na geji yake, kazi yake moja tu kuilisha gesi.

Alikuwa hajawahi kufunga mtambo kama huo. Hosea naye hajawahi, lakini aliposikia Lonzo anafunga, naye akafunga. Na kwetu kumuuliza fundi mwingine ni kumwambia adui yako unachofanya, kwa hiyo wote wawili wakaendelea na ujinga wao kimyakimya. Mficha uchi hazai, lakini nani atamwambia Lonzo?

Mtambo ule unafanya kazi kwa jeti, vipande vya shaba vidogo kama punje ya hindi, kila kimoja na tundu lake. Kimoja cha gesi, kimoja cha petroli, na tundu ndilo linaloamua kipite kiasi gani. Kila jeti huwa imechongwa namba. Lonzo alizisugua namba zote kwa tupa.

"Sasa wewe mwenyewe utazijuaje?" nilimwuliza.

"Nimezipanga, Vernita. Ndogo kushoto, kubwa kulia. Mpelelezi akija ataona shaba tupu."

Alikuwa amezipanga kwenye bati la mama la kuokea vikeki vya mahindi, kila jeti na kishimo chake. Nilimwonya kwamba mama atalitafuta bati lake. Akasema mama haingii gereji.

Mama hakuingia gereji. Alhamisi ya wiki ya mbio alikuja Quinton, mkwe wa Hosea, na pai ya pichi ambayo hakuna aliyeiagiza. Lonzo alikuwa akirekebisha presha ya petroli. Alikuwa ameziba mdomo wa bomba, akawasha pampu, akazungusha skrubu mpaka geji ikasoma saba, akaridhika, akaja ndani kunawa mikono kwa ajili ya pai. Pampu ameiacha ikilia. Mama, mwanamke wa miaka themanini na sita ambaye haachi miguu ya mtu mwingine ikae bure, akamwambia Quinton, "Mwanangu, kimbia gereji uniletee bati langu." Quinton akakimbia kwa mbio ambazo wapelelezi hupewa na Shetani.

Ijumaa asubuhi tukakuta jeti zote kwenye chupa ya jemu, zimechanganyika, zinang'aa.

Lonzo alikaa juu ya ndoo. "Mama," akasema mama alipopita mlangoni, "nani kamwaga vitu vyangu?"

"Quinton. Mtoto ana adabu yule, hakuvitupa."

"Mama, kesho nina mbio."

"Na mimi kesho kutwa nina vikeki vya watu tisini. Bati ni la nani?"

 Jeti mpya hatukuweza kununua, kwa sababu mwenye duka hunywa chai na Hosea, na kutaja namba dukani ni kuitangaza kanisani. Kuazima pia haiwezekani, mwenye jeti atauliza namba ngapi. Lonzo alikuwa amejificha vizuri mpaka akajipotea mwenyewe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikamwonea huruma.

"Tuzimwagishe," nikasema. "Tufunge jeti moja moja kwenye bomba, tuachie petroli itiririke kwenye kopo, muda uleule kila moja, kisha tupime kwa mizani ya mama. Yenye tundu dogo itatoa kidogo. Tutazipanga upya."

"Petroli kwenye mizani ya jikoni?"

"Kopo litakuwa kwenye mizani, Lonzo. Petroli itakuwa kwenye kopo."

Tukatoa gari nje kwenye upepo, mama na sigara yake tukamfukuzia ukumbi wa nyuma. Nikafunga jeti ya kwanza, nikaelekeza bomba kwenye kopo, Lonzo akawasha pampu. Petroli ikatoka kama uzi. Mimi nilikuwa naangalia kopo. Lonzo ndiye aliyeangalia geji.

"Vernita. Imeshuka."

Nikatazama. Saba yake ilikuwa imekuwa nne.

Tukabadilisha jeti. Nne. Nyingine, nne na kidogo. Tukaziba bomba, saba ikarudi, imesimama wima bila haya. Tukaachia petroli itembee, ikaanguka tena. Lonzo alikaa tena juu ya ndoo yake. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa amepima presha ya bomba lililofungwa. Bomba lililofungwa hujivuna tu, halijaombwa kitu. Ukilifungua lifanye kazi ndipo utaona lina nini, na lake halikuwa na petroli ya kutosha kumlisha yule mgeni. Angebonyeza kitufe cha gesi kesho, angeiua Dada Esta kabla ya nusu ya barabara, na yeye yumo ndani.

"Bati la mama limeniokoa," akasema.

"Usimwambie. Atalipeleka kanisani libatizwe."

Tukaachia petroli itiririke, akazungusha skrubu polepole mpaka geji ikasoma saba huku inafanya kazi. Kufikia mchana jeti zilikuwa zimepangwa upya, safari hii kwenye kasha la mayai ambalo hakuna anayelidai.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu walikuwa na karanga zao za kuchemsha na kambare wa kukaanga, na kila aliyepita alikuwa na la kusema. Lonzo alikuwa na koleo la baba kwenye kiti cha pembeni, limefungwa kwa taulo safi. Hosea alikuwa mbele yetu kidogo kwenye foleni, gari lake jekundu limefunikwa boneti kwa shuka.

Quinton akaja na mfuko wa karanga, hawezi kukaa na siri kama vile hawezi kukaa na karanga.

"Mjomba Lonzo, leo utakula vumbi. Hata ile geji yako tumeiona. Saba, sivyo? Na yetu inasoma saba hivyohivyo. Baba mkwe aliiweka jana mwenyewe, bomba limezibwa vizuri, haitikisiki."

Nilimwangalia Lonzo. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikifikiri, na sijivunii. Tungenyamaza tu. Hosea angebonyeza gesi yake, pistoni zingeyeyuka, Lonzo angevuka mstari peke yake akipunga mkono, na koleo lingebaki kwetu. Hakuna sheria kwetu inayosema umwambie mtu ukweli. Sheria yetu inasema kinyume.

Lakini Hosea na Lonzo walilelewa kitanda kimoja, mama mdogo alipougua. Walivaa viatu kwa zamu.

Lonzo akashuka, akaenda. Nikamfuata.

"Hosea. Usikimbie na presha hiyo. Ile saba aliyoiona Quinton ni ya bomba lililofungwa. Fungua bomba, achia petroli itembee, uangalie geji. Itaanguka. Utaunguza injini, na wewe mwenyewe."

Hosea alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Jamani, sikieni huyu. Kaja mpaka kwenye foleni. Lonzo, umezeeka, zamani uongo wako ulikuwa na ufundi."

"Nakuambia kweli."

"Kweli? Wewe uliyewaambia watu Dada Esta ina injini ya basi la shule?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi mwenyewe ningecheka, ningekuwa simjui. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Lonzo ilikuwa imefika mwisho wake hapo, mbele ya watu, siku aliyohitaji kuaminiwa kuliko zote.  Foleni mbele ikasogea, mwanzishaji akawapungia mkono.

Lonzo akarudi kwenye gari lake. Nilidhani amekata tamaa. Alirudi na taulo mkononi, akalifungua, akaliweka koleo la baba juu ya boneti ya Hosea.

Kicheko kilikatika. Hosea alilitazama koleo, akamtazama Lonzo, akalitazama tena. Mtu anaweza kudanganya kwa maneno hadi kiama. Lakini jiko la baba hakuna anayelitoa kwa ajili ya kudanganya.

"Quinton," Hosea akasema taratibu, "leta kopo."

Wakafungua bomba. Wakawasha pampu. Geji ya Hosea haikusimama hata kwenye nne. Ilishuka mpaka tatu, ikabaki hapo inatetemeka. Quinton aliacha kutafuna. Hosea alizima pampu mwenyewe, akasimama na mikono kwenye boneti, koleo liko katikati ya mikono yake.

"Chukua, Lonzo," akasema. "Tukimbie siku nyingine."

"Halirudi, na wewe unajua."

Alijua. Kila mtu pale alijua. Lonzo alipanda Dada Esta, tukaondoka kwenye foleni, tukarudi nyumbani. Nilikuwa na hasira na Hosea, na Quinton, na desturi zetu zote. Na nilimpenda kaka yangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote, nikamwambia. Akasema jua limenipiga kichwani.

Jumapili ukoo ulijaa uwanja wa mama. Lonzo alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai na wazee wasio na kazi, mikono yake haijui pa kukaa. Watoto wake kutoka Detroit walipita na sahani, wakaelekea kwa Hosea.

Hosea alisimama kwenye jiko na aproni mpya na jasho. Baada ya muda alikuja, akainama karibu na Lonzo. "Moto uwe vipi?"

"Mdogo. Funika, usifunue. Subiri mpaka mfupa uchungulie."

Hosea akamkonyeza. "Jana ulishasema kweli mara moja. Mara mbili wiki moja haiwezekani." Akarudi, akaongeza makaa, na kila baada ya muda mfupi alifunua kifuniko kuchungulia, moshi wote ukaenda zake.

Mbavu zile zilikuwa kavu. Mama alitafuna kipande kimoja muda mrefu, kisha akakitoa kwa adabu kwenye leso na kula kikeki. Meza ikanyamaza kama ilivyonyamaza mwaka jana, na Hosea akaona. Alisimama na koleo la baba linaning'inia mkononi, uso wake umeshuka.

Lonzo aliuma, akatafuna, akameza. Nilisikia alivyomeza.

"Hosea," akaita, watu wote wasikie, "hizi mbavu ni laini. Baba angeomba nyingine."

Hosea alimkazia macho. "Kweli?"

"Nilishakudanganya lini?"

Na Hosea, ambaye hakumwamini kwa injini wala kwa moto, akaamini hapo hapo. Uso ukamrudi. Akanyanyua koleo, akamchagulia Lonzo ubavu mkubwa kuliko zote, akauleta mwenyewe mpaka kwenye sahani, na kaka yangu akautafuna wote.