Kasi ya Bure

Mkono wa bolti, kile chuma kinachofungia risasi ndani ya bunduki, uligoma kunyanyuka. Mzee Gurdial Singh, akiwa amelala kifudifudi juu ya mkeka wake wa kulengea shabaha, aliupiga kwa kiganja, ukakaa vilevile. Akaupiga tena kwa hasira. Ukaachia kwa mkwaruzo, na ganda tupu la risasi likaruka hadi miguuni kwa Miraji.

"Umeona?" Gurdial akauliza, wala hakuwa anazungumzia bolti. Macho yake yalikuwa kwenye kidude cha kupimia kasi kilichokaa kando ya mtutu. "Futi elfu tatu na tisini kwa sekunde, kijana! Kitabu cha vipimo vya baruti kinasema nipate elfu mbili mia tisa na kitu. Hii iliyozidi nimepewa bure!"

Miraji aliokota ganda. Lilimchoma vidole lakini hakuliachia. Akaligeuza atazame kitako. Lo! Ile fataki ya katikati, inayogongwa na pini, ilikuwa imelala bapa kama chapati. Pembeni yake shaba ilikuwa na doa linalong'aa, mahali ilipobanwa na chuma cha bolti mpaka ikafinyangika.

Sasa sikiliza. Mtu anayejitengenezea risasi nyumbani hana dirisha la kuchungulia ndani ya bunduki aone presha imefika wapi. Anasoma dalili tu, kama mama anavyomgusa mtoto paji la uso. Bolti ikikwama, fataki ikilala, kasi ikipita ile ya kitabu, basi bunduki inakwambia imeshiba na wewe bado unaishindilia. Na hizi risasi za magnum hazina mzaha. Ganda ni kubwa, baruti ni nyingi, na shavu la mpigaji limeegemea palepale. Chuma kikishindwa kuzuia moto, moto unarudi usoni.

Usoni palikuwa mahali Miraji anapopajua vizuri. Alikuwa muuguzi wa wadi ya macho, katika hospitali moja hapo London, na alikuwa amewashika mikono watu wanaoambiwa kwamba lile jicho halitaona tena.

"Mzee," akasema taratibu, "tusimame kwanza."

"Tusimame kwa nini?"

"Bolti imekwama. Na fataki imelala, hebu tazama."

"Ni joto hilo. Hujaona Julai ya mwaka huu? Risasi zimekaa juani asubuhi nzima." Gurdial akanyoosha mkono kwenye kisanduku, akatoa risasi ya nne, akaifuta kwa kitambaa. "Kesho naipeleka shabaha ya yadi elfu moja, wallahi, na ngao ya mashindano naitwaa. Mwaka wa mwisho huu, Miraji. Jicho la kulia limeanza ukungu, wewe mwenyewe umeniambia."

Alisema wallahi, yeye Kalasinga wa Nakuru mwenye kilemba cha buluu, kwa sababu alikuwa amekaa na Miraji mpaka akaambukizwa. Walikutana kwenye basi la Hounslow. Miraji alikuwa mwanafunzi mgeni, ametoka Mombasa majuzi, analia na mama yake kwenye simu, na mzee wa kiti cha nyuma akadakia kwa Kiswahili safi, "Mwambie mama umepata pa kula leo." Miraji akakaa kwao miaka. Siku ya harusi yake, Gurdial ndiye aliyeketi mahali pa baba. Bunduki, shabaha, kupima baruti, vyote alifundishwa na huyuhuyu. Sasa ataanzaje kumwambia amekosea?

Alianza hivyohivyo.

"Mzee, joto halileti yote haya. Angalia namba zako. Ya kwanza ilikwenda elfu mbili mia tisa na sitini. Ya pili, elfu tatu na kumi. Ya tatu ndiyo hii. Umezipima zote uzito mmoja. Mbona kila moja inakimbia kivyake?"

"Mzani wangu haudanganyi."

"Sijasema mzani."

"Basi umesema mimi?"

Mwenye kichwa kigumu unaweza kubishana naye. Lakini mwenye kichwa kigumu aliyekulea, unaishia kuangalia viatu vyako. Hatua chache tu kutoka pale alisimama msimamizi wa uwanja. Ilitosha Miraji apunge mkono na kupaza sauti, kila bunduki ingenyamaza, bendera ya kusitisha ingepanda, na wanachama wote wangekuja kumzunguka mzee wa watu na kulipitisha lile ganda mkono kwa mkono. Wangemwambia kwa adabu kwamba labda umri umefika. Aibu hiyo Gurdial asingeibeba, na Miraji alijua asingesamehewa.

Lakini risasi ya nne ilikuwa tayari inateleza kuingia ndani. Bolti ikajifunga. Jicho lile lenye ukungu likasogea karibu na darubini.

Miraji akapiga moyo konde. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya bolti, mbele ya pua ya mzee.

"Ebo! Una wazimu?"

"Nipe niipige mimi."

"Nini?"

"Si umesema ni salama? Basi sogea, nilale hapo niipige mimi. Shavu langu, jicho langu. Ikienda vizuri, nitakuomba radhi mbele ya klabu nzima na kesho nitakubebea mikoba."

Hakuwa anatania. Aliogopa, tena sana. Alimfikiria mkewe, akawafikiria wanawe wawili, akaona uso wake mwenyewe umefungwa bandeji kwenye kitanda cha wadi yake. Hata hivyo alijilaza kando ya mzee, bega kwa bega, akingoja apishwe.

Gurdial alimtazama. Kisha akatazama ile bolti, na safari hii aliitazama kweli. Jasho lilimtoka chini ya kilemba.

"Wewe una watoto," akasema.

"Ndiyo."

"Hapana. Wewe hupigi. Ondoa mkono."

Akaifungua bolti mwenyewe, polepole, akaitoa risasi ya nne ikiwa nzima na kuirudisha kisandukuni. Msimamizi alipouliza kama kuna tatizo, Miraji alijibu kwamba mzee amechoka na jua.

Walirudi Hounslow kwa gari. Walipofika, Gurdial alipita jikoni bila kumjibu mkewe, Jaspal, aliyeuliza kama watakula. Akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha bustanini, akatoa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi, akaitia ile risasi ya nne. Aligonga mezani mpaka kichwa kikaachia, akamimina baruti kwenye sahani nyeupe.

Ndege ilipita juu ya paa ikielekea kutua Heathrow. Wakaingoja ipite.

Baruti ya magnum huungua polepole. Punje zake ni ndefu, utadhani vipande vya tambi. Zilikuwemo. Lakini katikati yake, karibu nusu ya sahani, mlikuwa na punje fupi nyeusi, ndogo kama ufuta. Hiyo ilikuwa baruti ya bunduki yake ndogo, ile inayoungua haraka. Ikiungua kwa wingi ndani ya ganda kubwa kiasi kile, presha hupanda mpaka chuma kipasuke.

Akafungua risasi ya tano, zikatoka fupi chache. Ya sita, nyingi.

Miraji alilitazama kopo la baruti ya magnum rafuni akaelewa. Nyumba hii hakuna chombo kinachosema ukweli. Kopo la aiskrimu lina dengu, kopo la biskuti lina sindano na nyuzi, na ukitaka sukari uliza kwanza. Baruti peke yake ndiyo haikuguswa na desturi hiyo. Gurdial alikuwa akimfokea hata mgeni aliyeweka kopo lisilo lake kwenye rafu hiyo. Na sasa kopo la ile fupi lilikuwa limeoshwa, limewekwa misumari; baruti yake ilikuwa imemiminwa kwenye kopo la ile ndefu.

"Jaspal haingii humu," Gurdial akasema. "Ufunguo ninao mimi."

"Labda ulikuwa na haraka, Mzee. Ulitaka kubana nafasi."

"Labda." Akazivuruga punje kwa ncha ya kidole. "Sikumbuki, Miraji. Nimejaribu tangu kule uwanjani. Sikumbuki kumimina, sikumbuki kuosha kopo, sikumbuki hii misumari."

Miraji alitafuta la kumfariji. Alikuwa nalo, tena tamu, lakini usoni kwa mzee aliona kwamba halitakiwi.

"Na ungeipiga kweli?" Gurdial akauliza.

"Ningeipiga."

"Mpumbavu wewe." Akamshika Miraji shingoni, akambana kwa nguvu kama anavyofanya siku zote akikosa maneno, akamwachia.

Kisha akabeba sahani na kopo zima, akatoka bustanini, akaanza kuitawanya ile baruti nyasini na mchichani, kidogo hapa, kidogo pale. Jaspal alichungulia dirishani, akauliza ni kitu gani hicho anachomwagia mchicha wake.

"Mbolea!" Gurdial akajibu.

Jaspal akacheka, akarudi kwenye sufuria zake. Mzee akabaki amesimama na kopo tupu mkononi. Akalitikisa, akachungulia ndani, akalitikisa tena.

"Jaspal," akaita, kwa Kiswahili, siyo Kipunjabi, ili Miraji asiachwe nje. "Zima jiko, njoo hapa. Kuna jambo. Miraji atakuambia, mimi litanishinda."

Miraji akasikia jiko likizimwa. Akasogea karibu na mzee, na kumpokea kopo.