Reli ya Mashineni

Asubuhi huko Mashineni, msituni juu ya kijiji cha Mhezi, jua lilipenya kwenye mabati yaliyobaki ya kiwanda cha mbao, na unga wa mbao uliolala miaka saba ukainuka, ukaelea kwenye mwanga kama unaotafuta kazi.

Katikati ya unga huo alisimama Evaline, nyundo mkononi: mwanafunzi wa bweni, bingwa mheshimiwa wa kuficha viatu vya matroni. Mama alimtuma kutoka Same amlete babu yake kabla kifua hakijammaliza huko juu. Siku ya tatu sasa, na Mzee Aminieli, mnoa misumeno, alikuwa na jibu lilelile.

"Zamu haijaisha, mjukuu wangu."

Zamu! Msumeno mkubwa ulishauzwa chuma chakavu. Kiwanda kilikufa mwaka ule mitumba ilipojaa Same na mishahara ikakauka Mashineni.

Basi Evaline akatunga hila, takatifu kabisa machoni pake. Angegonga kile kipande cha reli kilichoning'inia getini, kama kilivyogongwa kila asubuhi ya kazi. Babu angetoka, angeona hakuna anayekuja kazini, angekubali kushuka.

Akagonga mara tatu.

Nao wakaja.

Wakatoka kwenye nyumba zisizo na milango, kwenye migomba, kwenye ukungu. Mama Redempta, mpika uji, na upawa wake. Salehe, aliyetoka Kigoma kuja kusukuma magogo na hakurudi tena. Wazee wanane, tisa na babu. Wakapanga mstari, kila mtu mahali pake pa zamani. Wakaacha nafasi ya yule aliyelaliwa na gogo. Wakaacha nafasi za waliokimbilia mashamba ya mkonge. Mapengo yalikuwa mengi kuliko watu, na hakuna aliyeyaziba.

Evaline akashusha nyundo.

"Nani kagonga?" babu akauliza.

"Mimi, babu. Shikamoo. Nilikuwa natania."

"Marahaba." Babu alitazama pengo la mwisho, karibu na reli. Lilikuwa la Tumainieli, mwanawe, mgonga reli, baba yake Evaline. "Siku ya kufunga kiwanda, wakubwa waliondoka na Landrova saa sita mchana. Baba yako hakuambiwa agonge ya kutoka. Alingoja na nyundo mpaka giza likaingia. Mwaka uliofuata homa ikamchukua, bado hajagonga."

"Kwa hiyo tuko kazini, binti," akasema Salehe. "Mshahara hakuna, ila nidhamu tunayo!"

Mama Redempta akamchapa upawa begani. "Nyamaza kwenye mstari, we mzee!"

Evaline akaingia kwenye pengo la baba yake. Lilikuwa na baridi.

"Ya kutoka ni ngapi, babu?"

"Moja tu. Halafu uache ilie mpaka inyamaze yenyewe."

Akagonga. Mlio ukapita juu ya mikaratusi, ukashuka mabondeni, na hakuna aliyesogea mpaka ulipoisha. Kisha wazee wakavua kofia, wakatawanyika. Evaline anaapa mpaka leo: alisikia hatua nyingi kuliko miguu.

Babu akafunga tupa zake za kunolea kwenye gunia. "Haya. Twende."

Jioni, Same, mama akalikung'uta koti la mzee mlangoni. Unga wa mbao ukamwagika kwenye mwanga, ukazunguka mara moja, ukatua, ukatulia kama ulioruhusiwa kutoka kazini.