Mtu wa Pembeni ya Boksi

Mbao nilizomkubalia Tusekile ni za chumbani, na yeye anafungua saluni. Nililijua hilo tangu Jumanne nikanyamaza. Usiku wa kuamkia leo nikaota.

Kwanza nieleze yaliyotokea nikiwa macho.

Mimi ni fundi wa sakafu hapa Mbeya. Shule niliishia darasa la tano, lakini boksi la mbao za sakafu nalisoma vizuri. Pembeni yake huwa kuna mchoro. Ukiona nyumba ndogo yenye mtu mmoja ndani, hizo mbao ni za nyumbani, zikanyagwe na watu wachache wasio na haraka. Ukiona jengo lenye watu watatu, hizo ni za biashara. Hakuna siri hapo.

Tusekile ni msusi. Mguu wa kushoto anauburuta tangu utotoni. Jiko lake liko nyuma ya nyumba, saluni iko mbele, na katikati kuna chumba cha kulala na korido. Kila mlango una sakafu yake: hapa saruji, hapa vigae, pale kipande cha zulia. Na kazi yake inamtaka abebe jagi la maji ya moto kutoka jikoni, maji ya kuchovyea ncha za rasta zisifumuke. Mwaka juzi kidole cha mguu kilinasa kwenye ukingo wa kigae. Mkono wake wa kulia una kovu kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Fundi," aliniambia, "nataka sakafu moja. Kutoka jikoni mpaka kwenye kioo. Kusiwe na tuta hata la unene wa sarafu."

Dukani alitaka kijivu. Vilikuwepo vijivu kumi na vinne. Alishika kipande cha mfano, urefu wa kiganja, kijivu cha mawingu kabla ya mvua, akakiweka shavuni.

"Hiki," akasema.

Nikageuza boksi. Mtu mmoja.

Kijivu cha watu watatu kilikuwepo, lakini kimekolea mno, kama tako la sufuria. Tusekile akaniuliza, "Kitashika saluni, fundi?"

Nikasema, "Kitashika."

Alikuwa anacheka. Sikutaka kuwa mimi wa kumkatisha. Halafu nilikuwa na njaa.

Ninajua kitakachotokea. Haufiki mwaka, ngozi ya juu inalika, maji yanaingia kwenye maungio, kingo zinainuka. Ukingo ukiinuka, hilo ndilo tuta.

Maboksi ishirini na moja tukayapeleka kwake yalale siku mbili, kwa sababu mbao lazima zizoee hewa ya nyumba kabla ya kufungwa. Leo Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuzifunga.

Sasa ndoto.

Nafika kwa Tusekile asubuhi na nyundo yangu ya mpira. Mbao zimetoka zenyewe kwenye maboksi. Zimelala kitandani kwake, zimejifunika blanketi mpaka juu. Mmoja umekaa ukingoni mwa kitanda unakunywa chai ya maziwa.

"Hodi," nasema.

"Karibu. Ila ongea polepole, wenzangu wanazoea."

"Siku mbili zimeisha."

"Ndiyo maana tumezoea," ubao unasema. "Tumezoea chumba hiki. Blanketi safi, kimya, mtu mmoja. Huko mbele hatuendi. Tumechungulia tukaona viatu."

"Viatu vya wateja. Ni wachache."

Ubao unapuliza chai. "Huyu bwana ni mwongo," unawaambia wenzake. Chini ya blanketi mbao zinaitikia.

Hapo likafunguka boksi moja tupu, akatoka yule mtu wa kwenye mchoro. Kichwa duara, hana shingo, hana vidole. Alikuwa bapa kama alivyochorwa. Akigeuka upande anapotea kabisa, inabidi umsubiri ageuke tena.

"Wewe ndiye Ambokile?"

"Ndimi."

"Naishi peke yangu kwenye ile nyumba ya pembeni ya boksi," akasema. "Uliniona Jumanne?"

"Nilikuona."

"Ulinihesabu?"

"Nilikuhesabu. Mmoja."

"Sasa umewaalika wangapi nyumbani kwangu?"

"Wachache tu, mzee."

"Wachache si idadi," akasema, akageuka, akapotea. Nikasubiri.

Aliporudi tulikuwa dukani. Hatukuwa tumetembea. Vijivu vyote kumi na vinne vimepanga foleni, na kila kimoja kinaapa hakina undugu na mwenzake. Kimoja kinasema chenyewe ni kijivu cha moshi, kingine kinadai kwao ni mawe, kuna kimoja kimejaa ubluu na kinakataa katakata.

Kijivu huchaguliwa karibu na dirisha, mchana, siyo chini ya taa ya duka. Hiyo ni kanuni. Nikamwomba muuzaji dirisha.

"Lete kitambulisho," akasema. Nikampa. Akafungua droo, akatoa dirisha, akalifuta vumbi kwa kiwiko. "Ulirudishe kabla ya mchana. Lina watu wanalisubiri."

Nikaliegesha hewani. Jua likaingia mita moja na nusu. Nilipima kwa futi kamba. Kijivu cha Tusekile kikasimama ndani ya hilo jua, na sitadanganya, kilikuwa kizuri. Foleni nzima ikanyamaza.

Nyuma yake kulikuwa na kile cheusi cheusi cha watu watatu, kimekunja mikono.

"Mimi sura sina," kikasema. "Lakini nikanyage mpaka uchoke wewe."

"Kaa pembeni kwanza."

"Nimekaa pembeni tangu Jumanne," kikasema.

Nikarudisha dirisha.

Tuko saluni kwa Tusekile. Chini hakuna kitu, saruji tupu. Mtu wa boksi anaangalia ukutani, anaangalia chini, ananiangalia mimi.

"Mbao zimegoma," anasema. "Ulisema kitashika. Haya, lala ushike wewe."

Nikavua viatu nikalala kifudifudi. Nikawa mrefu. Miguu yangu iko jikoni karibu na jiko la gesi, kiuno kiko korido, mabega yako saluni na uso umefika chini ya kioo. Sikushangaa. Niliona tu kwamba pamenyooka vizuri, hakuna tuta.

Sakafu ya mbao lazima iachiwe nafasi ya kidole kimoja ukutani ili ipumue. Mtu wa boksi akanizungushia kabari pande zote, akapima.

"Pumua."

Nikapumua.

"Usizidishe."

Halafu akachukua nyundo yangu ya mpira akanigonga kidogo kidevuni, tak, kama ninavyogonga ubao wa mwisho uingie. Nikafungwa. Mikono ikageuka rangi ya mawingu. Nikajisikia vizuri kidogo, siwezi kukataa.

Mlango unafunguliwa. Ni Jumamosi. Anaingia bibi harusi na wasimamizi wanane, wote na visigino vyembamba, na hawatembei, wanaingia kwa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Ile mashine ya kukaushia nywele imeshika maikrofoni.

"Rudini! Rudini mlangoni!" inafoka. "Mmeingia kinyonge kama mnakwenda kuchukua majibu! Tunaanza upya!"

Wanarudi. Wanaanza upya. Wanaingia mara nne. Mara ya tano bibi harusi anasema amechoka, mashine inamwambia uchoke ukishaolewa.

Baada yao vikaja viatu vyekundu, jozi moja, havina mtu. Vikakaa kwenye kiti, vikaweka mguu juu ya mguu.

"Mimi napunguza ncha tu," vikasema.

Mtu wa boksi amesimama kwenye kona anahesabu nyayo. "Mia nne na moja. Mia nne na mbili."

Ni saa tatu asubuhi, siku ya kwanza.

Ngozi ikaanza kulika, kwanza mbele ya kioo pale kiti kinapozunguka, halafu mlangoni. Chini ya kijivu mimi ni kahawia, unga wa mbao ulioshindiliwa, kama ugali uliolala. Mtu mmoja akamwaga maji ya kuoshea nywele, yakaingia kwenye maungio yangu. Bega la kushoto likaanza kuvimba.

Ndipo Tusekile akatokea jikoni na jagi la maji ya moto.

Anapita juu ya miguu yangu, juu ya kiuno. Mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unaburutika, shwaa. Unakanyaga, shwaa. Hanasi popote. Uso wake umefunguka. Anafika kwa mteja, anachovya rasta, anarudi jikoni kuchota mengine ambayo hayahitaji. Anapita tena. Ninajua kwa nini anapita. Ana miaka arobaini na moja na hajawahi kuvuka nyumba yake bila kuangalia chini.

"Mtazame huyu!" anacheka mteja. "Dada, unasinzisha watu kwa kwenda na kurudi."

"Niache mie nitembee! Kwani nakanyaga kwako?"

Anapokuja mara ya tatu, bega langu limeinuka. Unene wa sarafu.

Nataka kumwambia asimame. Sauti haitoki. Namtazama mtu wa boksi.

"Sakafu ikishafungwa haisemi," ananiambia.

Zile mbao mbona zilisema, nawaza. Zilisema sana.

"Zile zilikuwa hazijafungwa," anasema. "Wakati wa kusema ulikuwa ule."

Shwaa. Kidole cha mguu wake kiko mgongoni kwangu. Najitahidi kushusha bega. Ubao ukishavimba haurudi chini, hilo nimewaambia wateja miaka kumi na minane.

"Lakini haitaharibika upesi?" mteja anamuuliza. "Mbao na maji haya yote?"

"Fundi Ambokile kasema itashika," anajibu Tusekile, na hata kuangalia chini haangalii.

Kidole kikanasa.

Jagi likainama. Tone la kwanza likaniangukia begani, la pili, la tatu. Nikaona maji yote yakifuata, ukuta mzima wa maji, na mkono wake wenye kovu umenyooshwa mbele.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu, Sekela, alikuwa anakunja neti. Nilikaa kitandani nikavua fulana kwa sababu ya jasho.

"Baba Lusajo," akasema, "hebu geuka."

Nikageuka.

"Umeungulia wapi?"

"Sijaungua."

"Una malengelenge hapa begani. Matatu. Yamepangana kama matone." Akayagusa, nikaruka. "Na fulana nzima kabisa! Jana usiku hayakuwepo, mgongo nimekusugua mwenyewe."

"Utakuwa umemwaga chai."

"Chai ipi? Jiko lenyewe sijawasha."

Tukatazamana. Nikachukua simu nikampigia Tusekile.

"Fundi! Uko njiani? Nimeshafagia."

"Dada Tusekile, zile mbao si za saluni. Ni za chumbani. Zitainuka kingo, na utajikwaa."

Nikasikia anaweka fagio chini.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo ni lini?"

"Alhamisi."

"Kwa hiyo Jumanne ulinitazama hivi hivi, usoni, ukasema kitashika."

"Ndiyo."

"Na hili kovu unaliona."

"Naliona, dada."

Akashusha pumzi. "Nichanganyie basi. Kigumu saluni, cha mawingu huku nyuma."

"Havilingani unene. Pale vinapokutana lazima niweke ukanda wa chuma."

"Ukanda ni tuta."

"Ni tuta."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kile kigumu ndiyo kile kama sufuria?"

"Ndiyo kile. Lakini nyumba nzima kitanyooka. Nakuapia, na safari hii nimesoma boksi nikakwambia."

"Kaniletee sufuria basi," akasema. "Lakini wewe fundi una roho ngumu. Jumamosi nina bibi harusi na wasimamizi wanane, nawaambia nini?"

"Hao wanane nawajua."

"Umejuaje? Wamenipigia jana saa mbili usiku, mtu sijamwambia."

Nilimwambia naja na gari.

Imegharimu hivi. Maboksi kumi na tisa duka limeyapokea. Mawili yalikuwa yameshafunguliwa, sikuyafungua mimi wala Tusekile, na hayo yamebaki kwangu. Mbao mpya zimeanza kulala upya, siku mbili. Saluni iliyokuwa ifunguliwe Jumamosi itafunguliwa Jumanne. Bibi harusi mmoja na wasimamizi wanane watakwenda kusukwa kwingine. Kwa Tusekile kijivu cha mawingu kimebaki kipande kimoja, urefu wa kiganja, amekiegesha chini ya kioo. Malengelenge matatu. Tuta, hakuna.