Mawe ya Mwisho wa Ukuta

…kwa hiyo yanaachana, anasema msanifu wa majengo, sauti yake imejaa simu yote, "yanaachana dada yangu, huku mwanzoni yamebanana safi kabisa, lakini nikisogea mwisho wa ukuta mawe yanapishana, kuna mistari inaning'inia tu haina jiwe," nami nasema ndiyo, naona, wala sioni kitu, ukuta wake umejaa kwenye skrini mbele yangu na macho yangu yako mlangoni, kwa sababu nyuma ya mlango huo mume wangu anapiga pasi shati, naisikia pasi inavyopumua, na kabla ya adhuhuri lazima awapigie simu wale wa mradi wa barabara awaambie anakwenda au haendi, kazi ya upimaji, miaka miwili, mji wa mbali, nyumbani ni likizo kwa likizo, na mimi nimeshamjibu, sawa tu, nenda, nimelitoa hilo kama mtu anayeulizwa dirisha lifungwe au lisifungwe… "unanipata dada?" Nakupata kaka, endelea. Aendelee maana mimi siwezi, huyu bwana ana haki ya kulalamika, aliniagiza ruwaza ya kompyuta, picha inayojirudia ya mawe ya kuchongwa kwa mkono, makubwa kwa madogo, abonyeze mara moja ijae kwenye mchoro wa ukuta mzima asichore jiwe mojamoja, hiyo ndiyo kazi yangu, watu wakiniuliza nafanya nini nawaambia nauza mawe yasiyo na uzito, wote hucheka, mama mkwe peke yake ndiye aliyeuliza, na mchanga je, unao? Na kumbe programu haijui jiwe hata kidogo, inajua mstari, na mstari wenyewe hauna mwisho, unakwenda tu, kazi yangu ni kuuambia uelekee wapi, hapa onekana, hapa jifiche, onekana, jifiche, mpaka vipande vya mistari vikutane na mtu aone ukuta… na hapa najua nilipoharibu, sihitaji hata kufungua faili, kulikuwa na namba moja ndefu yenye tarakimu zisizoisha baada ya nukta, nikakata za mwisho, kitu chembamba kuliko unywele, nani atakiona, na kweli karibu na sifuri, pale ruwaza inapoanzia, hakionekani, na sisi wa kazi hii hujaribia palepale karibu na sifuri kwa sababu ndipo mawe yanapopendeza, kumbe kila jiwe likijirudia na kijikosa kinajirudia nalo, kinajijumlisha kimyakimya, na huyu ana ukuta mrefu wa shule, sasa kule mwisho ni aibu tupu.

"Labda ni kompyuta yangu?" anasema, mstaarabu huyu, ananitafutia pa kutokea, siyo kompyuta yako kaka, ni mimi, namwambia hivyo na sauti yangu inatoka nzito mno kwa jambo la mawe, nyuma ya mlango pasi imesimama, sasa imeanza tena… Umechoka? Sijachoka. Umekasirika? Nikasirike na nini. Hivyo ndivyo tunavyoishi mimi na mume wangu, tunakatiana tarakimu za mwisho, na siyo mimi tu, yeye ndiye fundi, mtu amekula vitunguu vyangu miaka na miaka uso mkavu, mpaka siku dada yake alipokuja akaniambia wifi, huyu tangu utotoni vitunguu havimpiti kooni, nikamgeukia, mbona hukusema? Akasema, ulikuwa unapika kwa raha. Nilicheka siku ile, leo sicheki, leo nataka kumpiga na mwiko, mtu gani huyo, na sasa ngoja, ngoja kwanza… "sasa tunafanyaje dada, uyarekebishe haya ya mwisho tu?" Hapana, nasema, ya mwisho hayarekebishwi, ndani ya faili hakuna mwisho, kuna namba tu, inarudishwa ilivyokuwa, nzima… ngoja, asubuhi mume wangu aliniuliza, unasemaje bibie? Nikasema sawa tu. Akakoroga chai, akasema, una uhakika? Nikasema ninao. Akaenda hadi mlangoni akarudi, au nikatae? Na mimi, kwa ujuaji wangu, utakataaje kazi nzuri namna hiyo! Nikadhani anaomba baraka, lakini huyu bwana hajawahi kuuliza jambo mara mbili maisha yake yote, akipoteza njia haulizi hata mara moja, na leo kaniuliza mara tatu, na hao watu wa barabara anawapigia simu, simu tu, hawatamwona, sasa shati la nini? Anapiga pasi shati la kuzungumzia kwenye simu! Ee Mungu wangu, anavuta muda tu, hataki kwenda, naye amesimama hapo anasubiri mtu mmoja katika dunia nzima amwambie usiende, na mtu huyo yuko huku anazungumza habari za mawe… na kama nimekosea? Kama anataka kwenda kweli, nimfunge miguu kwa ajili ya upweke wangu? Basi aende, lakini aende akijua, asiende ameachwa na mke wa sawa tu, miaka miwili ya sawa tu ndani ya simu, umekula, nimekula, umelala, nimelala, mpaka siku ashuke na begi lake tutazamane kama wapangaji… "nikutumie picha ya pale yanapoanza kuachana?" Tuma kaka, nasema, tuma, anatafuta picha, anahesabu mafaili yake kwa sauti, pasi inapanda na kushuka, adhuhuri bado, mlango umefungwa vilevile, na mdomo wangu unalijaribu pembeni ya simu, bila sauti kwanza, neno fupi tu, halinitoki, nalijaribu tena, sitaki, sitaki uende, baba, sitaki.