Ufa Uliosiribwa

Hapakuwa na mwanamke msemakweli katika mtaa mzima wa Alief, mjini Houston, wa kumfikia Bi Dorothea, na mwenye kubisha angeweza kumuuliza Bi Dorothea mwenyewe. Ni kweli kwamba Jumatatu hiyo alikuwa ameshamdanganya mwanawe mara mbili kabla ya chai, lakini mara ya kwanza ilihusu kidonge cha presha, na uongo wa vidonge hauhesabiwi.

Mara ya pili ilihusu kitenge.

"Mama, kile kitenge ukutani ni cha nini?" Severin aliuliza huku akivua viatu. Alikuwa nesi, katoka zamu ya usiku, macho mekundu.

"Pambo."

"Umekitundika lini?"

"Kipo siku zote. Wewe huangalii kuta, unaangalia simu."

Nyuma ya kitenge hicho ndiko kulikokuwa na ufa, na ufa huo ndio mgeni wa leo aliokuwa anaufuata. Severin aliinunua nyumba mwaka 2017, mpya kabisa, harufu ya rangi bado inapiga puani. Mwaka uliofuata udongo wa Houston, ambao mvua ikinyesha unaumuka kama maandazi na jua likiwaka unanywea, ukaanza kuichezea. Kitunguu kikidondoka jikoni, kinaokotwa chini ya televisheni. Mlango wa choo ukakataa kufunga, ikabidi mtu akiingia aimbe asije akafuatwa. Januari 2019 ukuta wa sebuleni ukapasuka, ufa wa kuingia penseli. Severin akaupiga picha, akamtumia mjenzi. Mjenzi akasema yuko njiani. Machi akafilisika, na simu yake ikawa inalia peke yake kwenye ofisi tupu.

Kilichobaki ni karatasi moja, dhamana ya miaka kumi iliyokatwa kwenye kampuni ya bima siku ya kununua nyumba. Mjenzi akianguka, kampuni inatengeneza. Lakini kwanza inatuma mkaguzi, na mkaguzi akikataa, basi. Severin alishasema wazi kwamba hapo watafungasha na kurudi kwenye fleti, ghorofa ya tatu, ambako Bi Dorothea hakuwa na mahali pa kupanda hata mche mmoja wa mchicha.

"Usiguse kitu," alimwonya mama yake tangu Julai. "Mkaguzi aikute ilivyo."

Bi Dorothea alisikia vizuri sana. Ila kwao Muleba, mgeni akitangaza kuja, nyumba inasiribwa, ua unafagiwa, na mwenye kuacha shimo ukutani anasemwa mpaka siku ya mazishi yake. Na huyu alikuwa mgeni wa kutoka Dallas, saa nne nzima barabarani. Aje akute kuta zimeachama? Basi siku moja Severin akiwa kazini, mama alichukua karatasi zilizokuwa mkobani mwake, akazisokomeza kwenye ufa, juu yake akasiriba ugali wa sembe na kuulainisha kwa mwiko. Ulipokauka ukawa kama saruji. Akapaka rangi iliyobaki kwenye kopo gereji. Akasogea nyuma kutazama, akajipongeza. Lakini haikupita wiki, mstari mwembamba ukajichora katikati ya kazi yake nzuri, ndipo akaona heri kitenge.

Mkaguzi alifika saa tano asubuhi. Alikuwa Mkenya, jina lake Nyaga, mtu mrefu mwenye faili kwapani.

"Karibu baba. Ule kwanza."

"Asante mama, lakini nikiwa kazini siruhusiwi hata maji."

"Chai si maji."

Akanywa chai. Kisha akaomba kuonyeshwa ufa, na Severin akakitoa kitenge ukutani. Akabaki amekishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mtu asiyemjua. Palipokuwa na ufa wa penseli palikuwa na mstari wa kupita ukucha.

Nyaga alifungua faili, akatazama picha, akatazama ukuta. Akaweka juu ya mstari kadi ya plastiki yenye vipimo. "Nime-measure milimita moja na nusu. Hapa pamejazwa. Nani alijaza?"

Severin alimgeukia mama yake. Ghafla Bi Dorothea akawa na shughuli nyingi na birika.

"Mjenzi," alisema. "Alikuja Februari na vijana wake wawili. Wewe Severin ulikuwa zamu. Mmoja alikuwa na kofia."

Ilikuwa ile kofia iliyomfanya Severin karibu aamini.

"Basi mambo ni magumu," Nyaga alisema, akaweka kalamu chini. "Milango kutofunga ni kazi mbaya ya fundi, na dhamana ya kazi mbaya ni mwaka mmoja, umepita. Kinacholindwa miaka kumi ni msingi. Kama palijazwa Februari na mpaka leo pamefunguka kidogo hivi, nyumba imeshatulia. Nitaandika imetulia."

Severin alikaa kwenye mkono wa kochi, kitenge magotini. Bi Dorothea alimwona. Angesema ukweli palepale, lakini kofia ilikuwa imeshatajwa, na kofia ikishatajwa si rahisi kuivua.

Nyaga akatoa bisibisi ili akague kina. Akachokonoa. Kipande kikamdondokea kiganjani, akakinusa, akakunja uso. "Hii saruji gani?" Akachokonoa tena, akavuta karatasi iliyokunjwa, akaikunjua polepole na kusoma.

"Misa ya Kiswahili. Matangazo ya Jumapili, tarehe 4 Agosti 2019." Akainua macho. "Mjenzi alifilisika lini?"

"Machi," Severin akajibu.

"Na akaacha matangazo ya Agosti ndani ya ukuta."

"Alikuwa anasali kwetu," alisema Bi Dorothea.

Nyaga alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akauachia haraka. "Mama, sikiliza. Leo ni tarehe 26 Agosti. Kwa kawaida mimi hubandika alama kwenye ufa, nikarudi Dallas, nikangoja mwezi mzima nione kama nyumba inatembea. Hapa alama imeshabandikwa, ndiyo hii saruji yenu. Milimita moja na nusu kwa wiki tatu, hii nyumba inakimbia. Msingi ni mgonjwa, na kampuni italazimika kuutibu. Lakini kwenye ripoti lazima niandike aliyejaza. Nikiandika mjenzi, Februari, mmekosa."

"Mama," Severin alisema.

Bi Dorothea alijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Yule kijana," alianza, "sasa nakumbuka, huenda alirudi tena Agosti. Peke yake."

"Mwenye kofia?"

"Huyo huyo."

Nyaga aliigeuza karatasi. "Hapa nyuma kuna jina, limezungushiwa kalamu. 'Chakula cha wageni Jumapili ijayo: Mama Severin, ugali.'" Akatazama kile kipande cheupe kiganjani mwake, kisha akamtazama yeye.

Bi Dorothea aliangalia kitenge, akaangalia dari, akaangalia birika. Hakuna kilichomsaidia.

"Kofia," alisema hatimaye, "ilikuwa yangu."